Askofu Edward Steere na Jirani Zake wa Unguja



Katika mkutano wa akina mama wa mtaa wetu, yalipokuwa yakizungumzwa matayarisho ya juma la uinjilisti, mama mmoja mzee alisimama akauliza jambo ambalo halikupata jibu. Jirani yake ni Mwislamu. Wamekaa ukuta kwa ukuta tangu wakiwa mabibi harusi. Mama huyo alipojifungua mtoto wa kwanza, jirani ndiye aliyemkanda. Na siku ya msiba wa mumewe, jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na kuwasha moto wa kupikia watu. Sasa anaambiwa akabishe hodi kwa mtu huyo na kumhubiria. Atasema nini? Je, si sawa na kumwambia kwamba miaka yote hii wema wake haukuwa kitu? Baadhi ya wenzake wakasema asiende, maana dini ya mtu ni siri yake na Mungu wake. Wengine wakasema kwamba akinyamaza atadaiwa siku ya mwisho. Mwenyekiti akafunga mkutano kwa sala, tukaondoka kila mtu na lake.

Mimi niliondoka nikimfikiri mtu aliyekufa zamani, naye ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Sisi Waanglikana wa pwani twamjua kwa kanisa la Mkunazini, Unguja, na kwa kazi yake katika Biblia ya Kiswahili. Tumezoea kumtaja kama mjenzi na mfasiri. Lakini huyu alikuwa pia mtu aliyeishi miaka mingi katika mji wa Waislamu, akiwa mgeni wa Sultani, akitaka kuwapa watu wa mji ule imani ambayo wao hawakuiomba. Swali la mama yetu lilikuwa lake kila siku. Tuone basi alivyolibeba, pale alipolibeba vizuri na pale asipolibeba vizuri.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mwana naye akaelekezwa huko huko. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada za sheria hadi ya udaktari, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Mbele yake palikuwa na maisha ya raha ya mtu wa mahakama. Hakuyapenda. Alijifunza kazi ya kuchapa kwa mikono yake mwenyewe, akaishi kwa muda pamoja na ndugu wachache waliojaribu kukaa kwa sala na kazi, kisha akapewa ushemasi mwaka 1856 na ukasisi mwaka 1858. Alitumika katika vijiji vya Lincolnshire, kwa wakulima na wavuvi, na mwaka 1862 akawa kasisi wa Little Steeping, mtaa mdogo ambao usingejulikana kwetu kama si yeye.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha kuthibitisha kwamba Mungu yuko, na kutayarisha upya kitabu mashuhuri cha Askofu Butler ambacho huitetea imani kwa hoja za akili. Nayataja haya kwa sababu moja. Steere hakuwa mhubiri wa kupaza sauti na kuwatia watu hofu. Alikuwa wakili. Alizoea kumwekea msikilizaji mambo mezani, kisha kumwachia aamue. Mtu anayekuletea hoja amekubali kwanza kwamba wewe una akili ya kuipima, na kwamba huenda ukaikataa. Jambo hilo ni dogo kulitaja, lakini lilimsaidia sana alipofika kwa watu ambao walikuwa na vitabu vyao, mahakimu wao na wanachuoni wao.

Misheni ile ilianza baada ya Dk. Livingstone kuzungumza na wasomi wa Cambridge mwezi Desemba 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikwenda upande wa mto Shire. Mwanzo wa kazi ile una doa ambalo hatupaswi kulifuta: mwaka 1861 wamisionari, walipowaona watumwa wakiswagwa njiani na vijiji vikichomwa, walishika bunduki wakapigana na Wayao. Nia yao ilikuwa kuwaokoa wanyonge. Lakini ni vigumu kumhubiria mtu Mfalme wa amani wiki chache baada ya kumchomea kijiji chake. Mackenzie alikufa kwa homa Januari 1862. Aliyemfuata, William Tozer, alikuwa rafiki wa Steere, nao walitoka pamoja mwaka 1863. Baada ya kuona mabaya ya bonde lile, Tozer akaamua kuihamisha Misheni. Livingstone alikasirika sana. Mwishoni mwa Agosti 1864 Tozer na Steere wakatua Unguja.

Hapa ndipo inapoanza sehemu ngumu. Muda mfupi baada ya kufika, Sultani Majid aliwapa wavulana watano, watoto waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mbegu ya Kanisa letu. Twasimulia habari hiyo kwa furaha, na furaha ina haki yake, maana watoto wale wangeuzwa. Lakini tufikiri pia upande wa pili. Watoto wale walikuwa wametoka mkononi mwa mwindaji, wakapita mkononi mwa mwenye jahazi, wakaingia mkononi mwa Sultani, na sasa wametolewa kwa Wazungu wawili wasiojua lugha yao. Walipofundishwa sala, walisali. Walipopewa majina mapya, waliyaitikia. Nani kati yao angeweza kusema hapana? Angekwenda wapi? Waliokuja baada yao, mamia ya waliookolewa na manowari za Kiingereza, walikuwa katika hali ile ile. Sidhani Steere alikuwa mkatili kwao. Aliwafundisha kusoma, kuchapa vitabu na kazi nyingine za mikono. Lakini kwa kweli ni hao wasioweza kukataa waliojaza kanisa kwanza, na watu huru wa mji, walioweza kukataa, walikataa karibu wote. Mwenye kutaka kujua maana ya heshima katika kuhubiri na ayapime hayo mawili pamoja.

Kwa watu huru Steere hakuwa na njia nyingine ila kuketi chini na kujifunza. Tozer alikuwa na mambo ya uaskofu. Steere akaichukua lugha. Huko Mombasa Ludwig Krapf alikuwa amekwisha kuandika juu ya Kiswahili, lakini Steere aliona kwamba kwa Kiunguja hapana budi aanze kwa masikio yake mwenyewe. Akawa mwanafunzi akiwa na miaka thelathini na sita, mwenye udaktari wa sheria, akisahihishwa na vijana. Alikuwa akiandika maneno, akiyapeleka kwa watu, akirudishwa, akiandika tena. Alipopata ya kutosha aliyapanga kwa herufi za chuma katika mtambo wa Misheni, akachapa vipande vidogo vidogo, kisha akavitazama tena kama vinasema kweli.

Walimu wake walikuwa Waislamu. Hilo hatulisemi sana. Kijana mmoja, Hamisi wa Kayi, alimsimulia hadithi kwa Kiswahili. Wengine walimsimulia za kwao. Wasimulizi wale hawakuwa wakifanya biashara ya dini. Walimpa mgeni kile walichokuwa nacho, yaani visa vya Sultani Darai na paa wake, kisa cha punda wa dobi, na vingine ambavyo bibi zetu walitusimulia sisi bila kujua vimekwisha kuchapwa London. Kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilitoka mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili wakitazamana. Wakati ule wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wakiandika kwamba Mwafrika hana mawazo ya kuwekwa kitabuni. Steere aliwajibu kwa kuyaweka kitabuni.

Mwaka huo huo alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, na katika utangulizi wake ameacha habari moja ambayo napenda kila Mkristo wa pwani aijue. Alikuwako Unguja mwanachuoni mkubwa, Sheikh Abdul Aziz, mzaliwa wa Barawa, aliyekuwa kadhi. Sheikh huyu alijulikana kwa kujadiliana na Wakristo juu ya dini, wala hakuwaachia hoja zao zipite bure. Lakini Sheikh huyo huyo ndiye aliyejitolea, kwa hiari yake, kumfasiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili cha hali ya juu. Mwislamu humheshimu Daudi kuwa nabii na Zaburi kuwa kitabu cha Mungu, basi hapakuwa na kosa kwake kufanya hivyo. Hata hivyo, hakulazimika. Aliketi na kasisi wa Kikristo, mtu aliyejulikana wazi kwamba amekuja kuwavuta watu katika dini nyingine, akampa elimu yake.

Kazi ile haikufika mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Na tena, Steere aliona kwamba lugha yake ilikuwa ya kisomi mno kwa watu wa kawaida ambao alitaka waielewe. Wakaishia katika Zaburi chache za mwanzo. Mtu mwingine angezitia sandukuni. Steere alizichapa, akaeleza ni za nani, ziwe ukumbusho wa wema wa Sheikh na mfano wa Kiswahili bora kama mwenye elimu ya Unguja alivyokiona.

Nimekaa sana juu ya jambo hili kwa sababu naona ndani yake jibu la mama yetu, au walau nusu yake. Sheikh Abdul Aziz alijua shabaha ya Steere. Steere hakumficha, wala hakujifanya kuwa msomi tu aliyevutwa na lugha. Na Steere kwa upande wake alijua kwamba Sheikh anaiona imani ya Utatu kuwa makosa, na kwamba atamwambia hivyo. Kila mmoja alimtakia mwenzake kweli ile aliyoiona yeye kuwa kweli. Sioni kwamba palikuwa na dharau kati yao. Dharau ingekuwako kama Steere angemtumia Sheikh kimya kimya, akachukua maneno yake na kulificha jina lake. Au kama angemchekea usoni huku moyoni akimhesabu mtu asiyestahili hata kuambiwa.

Tena tukumbuke tunavyosali. Imani, sala, dhambi, toba, rehema, neema, sadaka, baraka: maneno haya yalitoka katika Kiarabu, yakakaa katika vinywa vya Waislamu wa pwani karne nyingi kabla ya kuingia katika Kitabu chetu cha Sala. Steere aliyakuta, akayatia katika tafsiri zake. Hatukupewa kamusi kutoka mbinguni. Tulikopeshwa na jirani. Ikiwa mama yetu anaona haya kubisha hodi kwa jirani yake, na ajue kwamba Kanisa lenyewe lilibisha hodi huko zamani kuomba maneno, likafunguliwa.

Sasa tusimfanye Steere malaika. Alirudi Unguja mwaka 1872 baada ya miaka minne Uingereza, na mwaka uliofuata jambo kubwa lilitokea. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la watumwa la mjini. Hakuwa ametaka. Balozi wa Kiingereza alimwonya kwamba manowari zitaziba bandari. Hakuna Mkristo wala Mwislamu wa leo atakayesikitika kwamba soko lile lilifungwa. Lakini watu wa mji waliona wazi kwamba dini ya Waingereza na mizinga ya Waingereza vimetoka bandari moja. Mara tu baada ya hapo Misheni ilipata uwanja wa soko. Mmoja wa mapadre alinunua sehemu yake, na sehemu nyingine ilitolewa bure na tajiri mmoja wa Kihindi ambaye hakuwa Mkristo. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule 1873.

Tozer alikuwa mgonjwa, akajiuzulu. Steere alikataa uaskofu kwanza, kisha akakubali, akawekwa wakfu katika Westminster Abbey tarehe 24 Agosti 1874. Aliporudi alikuwa askofu, fundi mkuu, mhariri, mwalimu na mchapaji, yote kwa pamoja. Kanisa alilisimamia mwenyewe. Mawe ni ya matumbawe. Paa alilitaka liwe kuba ndefu ya matumbawe yaliyopondwa na saruji, bila boriti hata moja, na watu wengi, Wazungu kwa wenyeji, walisadiki kwamba litaanguka siku magogo ya kulishikilia yatakapoondolewa. Halikuanguka. Wanaozuru kanisa huonyeshwa nguzo fupi zilizosimikwa juu chini, na husimuliwa kwamba mafundi walifanya hivyo Askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Mimi huzipenda nguzo zile. Madhabahu, kwa mapokeo yetu, yamesimama penye mti walipofungwa watumwa na kuchapwa. Ibada ya kwanza ndani yake ilisaliwa siku ya Krismasi. Na saa ya mnarani, hutajwa kwamba ilitolewa na Sultani Barghash mwenyewe.

Basi tazameni jengo lile: ardhi ya Mhindi, saa ya Mwislamu, mafundi wa mji, na Askofu wa Kikristo akisimama juani na chokaa mikononi. Sisemi kwamba Barghash aliisahau ile sahihi ya mwaka 1873. Sultani ana sababu zake za kutoa zawadi, na baadhi ni za siasa. Lakini mtu hupachika saa ya thamani katika nyumba ya jirani anayemwona kuwa ni jirani.

Kabla kanisa halijaisha, Steere alikuwa akihubiri kwa Kiswahili katika kibanda cha udongo palipokuwa na soko. Watu wa mji walikuja kusikiliza. Wengine walikuja kwa udadisi, kumsikia Mzungu asiyevunja Kiswahili. Walisikiliza, wakauliza, wakabisha, wakarudi nyumbani. Waliobatizwa kati yao walikuwa wachache mno. Na hatuna budi kuelewa: katika mji ule Mwislamu aliyeacha dini yake hakupoteza dini tu, alipoteza baba, mke, urithi, na pengine usalama wake. Mhubiri alilala salama chini ya bendera ya ubalozi, na hatari yote ilimwangukia msikilizaji. Nafikiri Steere alilijua hilo, na ndiyo maana sioni haraka katika njia yake. Alifanya kazi ya mtu aliyetegemea kuvunwa baada ya yeye kufa.

Ninapokumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990 katika miji yetu, Wakristo wakisoma Kurani ili kuicheka na Waislamu wakisoma Biblia ili kuicheka, vipaza sauti vikitazamana uwanjani, najiuliza tulikosea wapi. Kusema imani mbele ya watu kulikuwako tangu zamani, na kubishana pia. Lakini Sheikh Abdul Aziz na Steere walibishana kila mmoja akiwa ameketi kwanza kusoma alichonacho mwenzake.

Za bara nitazipitia upesi. Mwaka 1875 Steere alitoka Lindi kwa miguu hadi Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao, akapokewa vizuri. Hakubeba bunduki za Mackenzie. Mwaka 1876 alikwenda na kundi la watumwa waliowekwa huru, akitaka wafike upande wa Nyasa, maana aliona kwamba si haki wakae Unguja daima kama wageni wa Misheni. Walipofika Masasi wengi wao waliona wamekaribia kwao, wakataka kubaki. Akawaacha wabaki. Masasi ikawa mji wa Kanisa. Huenda hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wale kuulizwa wanataka nini na kusikilizwa.

Na wale wavulana watano wa Sultani? Mmoja wao ni John Swedi. Mwaka 1870 alipewa daraja ya chini ya ushemasi, akingali kijana. Akapewa nafasi ya kufanya kazi, kuhubiri, kusafiri bara. Mwaka 1879 Steere akamwekea mikono kuwa shemasi kamili. Kwa hiyo, mtoto ambaye hakuulizwa mwaka 1864 aliulizwa mwaka 1879 mbele ya watu wote, kama kanuni ya daraja itakavyo, akiwa mtu mzima, mwenye lugha, kazi na mahali pa kwenda. Akajibu. Hayo hayaondoi ugumu niliousema juu. Wako wengi waliokua wakaondoka, wakarudi katika maisha ya mji na katika Uislamu, na hatuna haki ya kuwaita wasio na shukrani. Lakini jibu la Swedi la siku ile lilikuwa la kwake.

Nilimsimulia mama yetu habari hizi, jioni, barazani kwake, jirani akipita na ndoo ya maji na kutusalimu. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza kama Steere alipata kumwambia Sheikh waziwazi juu ya Yesu. Nikamwambia kwamba katika mji ule asingeweza kujulikana kwa lingine. Akauliza kama Sheikh alimwambia Steere juu ya dini yake. Nikamwambia ndiyo, bila shaka, tena kwa ufasaha. Akanyamaza kidogo. Akasema kwamba yeye na jirani yake hawajapata kuulizana kitu hata siku moja juu ya wanavyosali, miaka arobaini, na kwamba hajui kama hiyo ni heshima au ni woga. Mimi nami sikumjibu.

Steere aliendelea na tafsiri hadi mwisho. Injili ya Mathayo ilikuwa imechapwa tangu 1869. Nyingine zilifuata moja moja, pamoja na Kitabu cha Sala, kila karatasi ikisomwa tena mbele ya watu wenye masikio ya Kiswahili. Mwaka 1882 alikuwa Uingereza kwa muda, akarudi Unguja. Hakukaa sana. Mwishoni mwa Agosti akafa ghafula, akiwa na miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya madhabahu. Agano Jipya zima lilitoka mwaka 1883, na Biblia nzima mwaka 1891, kazi ikiwa imemaliziwa na wengine.

Sheikh Abdul Aziz aliishi miaka kumi na minne zaidi, akifundisha na kuandika mjini Unguja. Alikufa mwaka 1896, Mwislamu kama alivyozaliwa. Habari ya Zaburi zile imo katika kitabu cha rafiki yake, pamoja na jina lake.